Muvi imeisha, sasa unasemaje? Mwongozo kamili wa kutoa maoni yako mtu akakuelewa

Kuna siku dada yangu aliniomba nimtajie muvi ya kuangalia wikiendi, nikamtajia moja niliyokuwa nimeimaliza usiku wake, nikamwambia "kali sana, usiikose". Basi, nikaishia hapo. Jumapili mchana akaiweka sebuleni, baba mkwe wake kakaa kwenye kochi, watoto wamejilaza kwenye mkeka, na kwenye dakika ya 20 hivi ikaja sehemu ambayo kila mtu hakujua aangalie wapi. Rimoti haionekani. Ikabidi ainuke akachomoe waya ukutani. Jioni akanipigia, ameumia kweli, na mi sikuwa na la kujitetea maana ni mimi niliyempa, afu nilimpa na maneno mawili tu, "kali sana", ambayo hayakumwambia ni muvi ya namna gani, ya nani, ina nini ndani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nalifikiria sana hili jambo. Tunaangalia muvi nyingi mno, mtu anamaliza sizoni nzima kwa siku mbili, lakini ukimuuliza ilikuwaje unapata "noma", "balaa", "ya kawaida", "imeniboa", mazungumzo yanafia hapo. Na sio kwamba hana maoni, maoni anayo, ila hajui ayatoe vipi. Ndo nimekaa chini niandike hatua ninazozifuata mwenyewe, ukizifuata mara 4 au 5 zinaingia kwenye damu.

Hatua ya 1: Jiulize kabla hujasikia wengine wanasemaje

Muvi ikiisha usikimbilie kusoma maoni ya watu. Najua mkono unawasha, ila ukishasoma watu 10 wamesema mwisho mbaya, na wewe utaona mwisho mbaya, hutajua tena lipi ni lako na lipi umeazima. Chukua simu ujitumie mwenyewe meseji, mistari mitatu inatosha. Wa kwanza, nikifumba macho sasa hivi naona sehemu gani? Wa pili, nilichoka wapi? Wa tatu, nimebaki najisikiaje, nina huzuni, nina hasira, nataka kumpigia mama, sijisikii chochote?

Kwenye lile swali la pili kuna kipimo ambacho hakidanganyi, nacho ni simu yako. Pale uliposhika simu ukaanza kupitia status za watu, hapo muvi ilikuacha. Kumbuka ilikuwa sehemu gani. Mimi siku hizi nikijikuta nimeshika simu naangalia dakika zinasoma ngapi, naandika namba tu, "34", nikimaliza narudi kuangalia kulikuwa na nini pale 34. Mara nyingi unakuta watu wawili wamekaa mezani wanaambiana mambo ambayo tulishayaona kwa macho yetu dakika 5 nyuma. Sasa hapo ushapata hoja, na imetoka kwako, hukuikopa popote.

Hatua ya 2: Peleka hisia zako kwenye tukio moja

Hii ndio hatua kubwa kuliko zote kwa hiyo ntakaa hapa kidogo. Kila unachotaka kusema kuhusu muvi, kitafutie sehemu yake. Ukisema "akta anajua", wapi? Ukisema "inahuzunisha", ilikuhuzunisha ilipofika wapi? Kama huna sehemu ya kuonyesha basi bado huna maoni, una harufu ya maoni tu, rudi ukafikirie.

Nikupe mfano wa muvi ambayo wiki iliyopita nimeirudia, Nairobi Half Life, ya Kenya, ya 2012, dairekta ni David Gitonga ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tosh. Ni habari ya kijana anaitwa Mwas, anaishi kijijini, anauza DVD za muvi za nje, na ndoto yake ni kuwa mwigizaji Nairobi. Ukitaka kuona mtu anavyotoa maoni ya muvi kwa mwili mzima muangalie Mwas mwanzo kabisa, anavyowaigizia wateja vipande vya muvi anazouza, anaruka, anabadilisha sauti, mteja anaona kabisa anachonunua. Yule hasemi "kali sana". Anakuonyesha.

Sasa, ningeweza kusema "muvi inaonyesha maisha magumu ya mjini". Sawa, ni kweli, lakini muvi ngapi zinaonyesha maisha magumu ya mjini? Hapo sijakwambia kitu. Nikajiuliza, ugumu wenyewe mi niliuhisi wapi? Jibu likaja haraka, choo cha mahabusu. Mwas anafika Nairobi, siku hiyohiyo anaibiwa kila kitu, afu anajikuta ndani, na mule ndani wenyeji wa selo wanamlazimisha kusafisha choo. Choo chenyewe ni kichafu cha kutisha, muvi haikufichi. Nilikuwa nakula, nikasukuma sahani pembeni. Lakini baadae nikawaza, kilichoniuma hasa sio uchafu, ni kwamba huyu ni mtu alikuja mjini kupanda jukwaani, watu wamuone, na kazi ya kwanza mji unayompa ni ile, mbele ya watazamaji waliofungiwa naye humo ndani. Sasa umeona tofauti? Nimeanza na sahani niliyoisukuma, nikafika kwenye kitu ambacho muvi inakisema, na mtu ambaye hajaiona anaweza kunifuata hatua kwa hatua, na aliyeiona anaweza kunibishia vizuri.

Kwa hiyo fanya hivi: andika neno la hisia moja, mbele yake andika tukio, afu andika "kwa sababu". Nilikereka, pale bibi harusi anaporudi, kwa sababu hatujaambiwa aliondoka kwa nini. Nilifurahi, pale mtoto anapojibu, kwa sababu alijibu kama mtoto kweli na sio kama mtu mzima aliyeandikiwa maneno. Ukiwa na mistari kama hiyo 3, kazi ngumu imeisha.

Hatua ya 3: Sema uliangalia wapi na vipi

Watu wengi hawaifanyi hii, na inaleta ugomvi wa bure. Muvi uliyoiangalia kwenye simu ndani ya basi la Dar kwenda Mbeya, spika moja, mtoto wa jirani analia, sio muvi ileile aliyoiona mwenzako kwenye ukumbi na giza lake. Ukilalamika picha ina giza sana jiulize kwanza kama hukupunguza mwanga ili chaji ifike. Ukilalamika sauti, vaa hedifoni urudie dakika 2. Na kama uliiangalia nusu ukalala, sema ukweli kwamba ulilala, hakuna dhambi.

Afu kuna jambo la muvi zilizotafsiriwa. Wengi wetu tumekulia kwenye vibanda umiza, benchi la mbao, feni moja, na DJ anatafsiri juu ya picha, Kenya DJ Afro kawa jina kubwa kwa kazi hiyohiyo, na Uganda wanawaita VJ. Ni sanaa na mi naiheshimu mno, yule mtu anampa steringi jina jipya, anatia methali, anakuchekesha penye huzuni. Lakini basi ujue kwamba umeangalia kazi mbili kwa pamoja. Mtu akikuambia ile muvi ya Kichina inachekesha hatari, we ukaitafuta yenye maandishi chini ukakuta haichekeshi hata kidogo, hakukudanganya, kilichomchekesha ni DJ. Kwa hiyo taja: "niliangalia iliyotafsiriwa". Neno moja tu, linaokoa mengi.

Na lugha pia. Nairobi Half Life ina sheng nyingi, mimi mtu wa Dar kuna maneno yalinipita, mara ya kwanza nikasema "wanaongea haraka mno hawaeleweki". Hapo nilikosea. Wanaeleweka kabisa na mtu wa kwao. Sahihi ilikuwa kusema kuna maneno ya mtaa wa Nairobi mi siyajui, weka maandishi chini.

Hatua ya 4: Simulia bila kumaliza uhondo

Kanuni yangu ni robo ya kwanza. Muvi ya dakika 96, simulia mpaka kwenye dakika ya 24 hivi, zaidi ya hapo nyamaza, hata kama umeulizwa. Sentensi mbili: nani, anataka nini, na kitu gani kinamzuia. "Kijana wa kijijini anaenda Nairobi kutafuta uigizaji, mji unampokea kwa kumuibia, na ili aishi inabidi aingie kwenye genge." Imetosha. Mwisho wake sikwambii, na wewe usimwambie mtu.

Kuna watu wanadhani wamejificha kumbe wameharibu tayari. Ukisema "subiri mwisho utashangaa", mtu anakaa anasubiri kushangaa na hata ukija mshangao anaupokea baridi. Ukisema "usimuamini yule dokta", umeshaimaliza muvi. Na kupost kipande cha mwisho kwenye status eti umeandika "siwaambii kitu", jamani, ushatuambia kwa picha! Kama lazima uongelee mwisho, mtafute aliyeiona, muongee inbox, au tuma meseji inayoanza na "kama hujaiona usisome hii" na uache mistari mitupu kadhaa chini yake, maana simu inaonyesha maneno ya mwanzo hata kabla mtu hajafungua.

Hatua ya 5: Pima ufundi, hata kama hujasomea

Huhitaji kusomea filamu. Rudi kwenye sehemu moja ufanye majaribio mawili. Kwanza zima sauti kabisa uangalie dakika 1. Bado unaelewa nani anamuogopa nani? Kama ndio, mwongozaji na waigizaji wamefanya kazi. Pili funga macho usikilize dakika 1. Unasikia nini?

Kwenye muvi zetu nyingi, hili la pili ndio linaumiza, na nalisema kwa uchungu maana nazipenda. Muziki unapanda juu ya maneno, kinanda kinalia huzuni kabla mtu hajaanza hata kuhuzunika, ukihamia kwa mtu wa pili sauti inabadilika kama wamehama chumba. Ukilikuta hilo litaje hivyohivyo, "pale kwenye msiba sikusikia mama anasema nini kwa sababu ya muziki", usiishie kusema "Bongo muvi bado sana". Hilo neno limeshasemwa mara elfu na halijamsaidia hata fundi sauti mmoja. Ukimtajia sehemu ataenda kuisikiliza.

Uigizaji upime kwa mtu asiyeongea. Angalia yule anayesikiliza. Akta wa kweli anaendelea kuwepo hata zamu sio yake, wengine utawaona kabisa wamesimama wanasubiri mstari wao.

Kama muvi imetoka kwenye kitabu kuwa makini kidogo. Vuta N'Kuvute ya Adam Shafi wengi tumeisoma kidato cha 5 na 6, na mwaka 2021 Amil Shivji akaileta kama filamu, Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin na Denge. Nimesikia watu wanaihukumu kwa orodha ya vilivyoachwa, hiki hakipo, kile hakipo. Riwaya unaisoma wiki nzima, filamu unakaa nayo jioni moja, lazima vitu viachwe. Swali la haki ni kwamba kilichobaki kinasimama chenyewe? Mtu ambaye hakukisoma anaelewa? Kama hujui, muulize mtu ambaye hakukisoma.

Hatua ya 6: Jua unamwambia nani

Hapa narudi kwa dada yangu. Maoni yako yanaweza kuwa sahihi kabisa na bado yakamharibia mtu Jumapili yake. Kabla ya kusema "angalia", sema vilivyomo: kuna matusi, kuna damu, kuna watu kitandani, kuna mtoto anakufa. Taja wazi bila kuzungukazunguka. Bodi ya Filamu kwetu inapanga madaraja ya umri, Kenya nao wana alama zao za GE, PG, 16 na 18, lakini muvi nyingi zinatufikia kwenye flashi au kwa kushusha na hiyo alama haipo, kwa hiyo alama ni wewe. Na usisahau huzuni. Aliyefiwa mwezi uliopita usimpe muvi ya msiba kwa sababu tu wewe ilikugusa.

Sisi na dada sasa tuna lugha yetu. Ananiuliza "ya sebuleni au ya chumbani?" Namjibu kwa neno moja na anajua.

Hatua ya 7: Andika au sema

Status iwe fupi, ina jina la muvi, mwaka, habari kwa sentensi moja, tukio moja, na tahadhari. Mfano wangu wa wiki iliyopita ulikuwa hivi:

"Nairobi Half Life, 2012. Kijana wa kijijini anatafuta uigizaji mjini, anaangukia kwenye genge. Kuna choo cha mahabusu sijakisahau tangu mara ya kwanza. Matusi na damu vipo, ya chumbani."

Voice note isizidi dakika 1, na anza na jina la muvi. Watu wanaanza "yani we acha tu, yani mi nimechoka, yani dah", sekunde 40 zimeenda mtu hajajua unaongelea nini.

Ukiandika ndefu, anza na lile tukio lako, ndo ufuate habari ya muvi kwa sentensi mbili, afu kilichosimama, afu kilichoyumba, afu nani aiangalie. Kilichoyumba usikiogope, hata kwenye muvi unayoipenda. Mimi naipenda hii lakini niliandika hivi: "Amina, mwanamke aliye karibu na lile genge, nilitaka kumjua zaidi. Kila akitokea nasogea karibu na skrini, lakini muvi inamuangalia kupitia macho ya wanaume tu, kisha inarudi kwa vijana. Joseph Wairimu aliyeigiza Mwas alistahili kabisa ile tuzo ya mwigizaji bora aliyoipata Durban, ila mi nilibaki na maswali ya Amina." Hapo mtu anajua nimependa nini na nimekosa nini, na hajaambiwa mwisho.

Vitu vya kuacha, haraka haraka: usimpe muvi namba 8 kwa 10 bila maneno, namba peke yake haiongei. Usirekodi skrini ya ukumbi. Na usimshushue akta kwa mwili wake, ndoa yake au kabila lake. Kaigiza vibaya? Sema kaigiza vibaya wapi. Ya nyumbani kwake hayamo kwenye muvi.

Hatua ya 8: Ukibishiwa

Utabishiwa, na ndio utamu wenyewe. Mtu akikuambia "hujui muvi", usimrudishie, muulize "sehemu gani uliipenda?" Nimejaribu hili kwenye magrupu yenye watu wakali na mara nyingi linatuliza, kwa sababu sasa inabidi aache kukuongelea wewe aanze kuongelea muvi. Akitaja sehemu, rudi kaiangalie kweli. Ukikuta yuko sahihi mwambie "nimerudia, uko sahihi". Ukikuta bado hukubali, mwambie umeona nini wewe pale pale.

Na tunza zile meseji ulizojitumia, zipe tarehe. Mara ya kwanza naiona Nairobi Half Life niliandika mstari mmoja kuhusu baba yake Mwas, "baba katili, sina la ziada". Safari hii nimeandika mistari sita juu ya baba huyohuyo, na muvi haijabadilika hata sekunde. Zote mbili nimeziacha, ya zamani juu, mpya chini yake.